USHIRIKISHAJI WA WADAU KATIKA KUTAFUTA WASHIRIKI WA UTAFITI WA AFYA: MFANO WA UTAFITI WA MAZOEZI KWA WAGONJWA WA MALTIPO SKLEROSISI

Maelezo kwa Watumishi wa Serikali na Wananchi

Watumishi wa Serikali, khasa wale walioko katika vituo vya afya, ofisi za wilaya na shehia, huombwa mara kwa mara kusaidia kuwapata watu wa kushiriki katika tafiti za afya. Wananchi nao hupigiwa hodi majumbani, wakaulizwa maswali na kutakiwa kutia saini karatasi. Pamoja na hayo, si watu wengi waliopata kuelezwa kwa nini utafiti huhitaji washiriki, nani ana haki ya kuwatafuta, na mpaka wa haki hiyo uko wapi.

Makala haya yanaeleza jambo hilo kwa kutumia mfano wa utafiti wa mazoezi ya mwili kwa wagonjwa wa maltipo sklerosisi, ambao umefanyika zaidi katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Mfano huu umechaguliwa kwa sababu katika maradhi hayo wagonjwa wenyewe na jamaa zao ndio walioanza kuwaita wataalamu, na si wataalamu waliowaita wagonjwa.

1. Maradhi yenyewe

Maltipo sklerosisi ni maradhi ya ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Neva nyingi zimevikwa utando wenye mafuta uitwao mayelini, kama waya wa umeme ulivyovikwa mpira. Katika maradhi haya kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, huudhania utando huo kuwa ni adui na kuushambulia. Palipojeruhiwa hubaki kovu, na jina la maradhi lina maana ya makovu mengi. Daktari wa Kifaransa, Jean-Martin Charcot, ndiye aliyeyapambanua maradhi haya na mengine mwaka 1868.

Mgonjwa huweza kupata ganzi, kufifia kwa macho, kuyumba anapotembea, kukakamaa kwa misuli, kushindwa kuzuia haja ndogo, na uchovu mkubwa usiolingana na kazi aliyoifanya. Dalili nyingi kati ya hizo hazionekani kwa mtu wa pembeni, na kwa hivyo mgonjwa huweza kudhaniwa kuwa mvivu. Maradhi haya hayaambukizi. Dawa ya kuyaondoa kabisa haijapatikana, lakini zipo dawa za kupunguza mashambulizi yake, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za maradhi haya katika orodha yake ya dawa muhimu.

Kwa hesabu iliyotolewa mwaka 2023 na shirikisho la kimataifa la vyama vya wagonjwa hao, watu wapatao milioni 2.9 duniani wanaishi na maradhi haya. Wanawake ni angalau mara mbili ya wanaume, na wengi hugundulika katika umri wa kufanya kazi na kulea. Miongoni mwa sehemu zenye wagonjwa wengi zaidi ni visiwa vya Orkney, kaskazini ya Scotland, ambako uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta wagonjwa 402 kwa kila watu 100,000. Katika nchi zilizo karibu na Ikweta, zikiwemo za Afrika ya Mashariki, wagonjwa wanaojulikana ni wachache. Uchache huo haumaanishi kwamba maradhi hayapo: madaktari bingwa wa neva na mashine za kupiga picha za ubongo nao ni wachache, na maradhi yasiyopimwa hayahesabiwi.

2. Ushauri uliogeuka

Kwa miaka mingi mgonjwa wa maltipo sklerosisi aliambiwa apumzike na ajiepushe na mazoezi. Ushauri huo haukuwa bila sababu. Mwaka 1890 daktari wa macho wa Kijerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika kuhusu wagonjwa ambao macho yao yalififia baada ya kujitahidi kwa mwili. Baadaye ilibainika kwamba kinacholeta hali hiyo ni joto la mwili kupanda, na kwamba mwili ukipoa hali hurejea kama ilivyokuwa. Hata hivyo khofu iliyokwisha kuingia ilibakia, na watu wengi walikalishwa kitini kabla ya wakati wao, wakapoteza nguvu za misuli na pumzi ambazo maradhi yenyewe yalikuwa hayajazichukua.

Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti wa wagonjwa 54. Waligawanywa kwa kura katika makundi mawili: moja lilifanya mazoezi ya mikono na miguu mara tatu kwa wiki kwa muda wa wiki 15, na jingine halikufanya. Waliofanya mazoezi walipata pumzi na nguvu zaidi, na hali zao za maisha zilitengenea. Utafiti huo ulifungua mlango. Mwaka 2013 ulichapishwa mwongozo uliotayarishwa Canada, unaopendekeza kwamba mtu mzima mwenye maradhi haya kwa kiasi kidogo au cha wastani afanye mazoezi ya pumzi ya dakika 30 mara mbili kwa wiki, na mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki.

Yamebakia masuali mengi. Mazoezi gani yanamfaa mtu asiyeweza tena kutembea? Yanamfaaje mzee? Je, yanapunguza kasi ya maradhi yenyewe au yanapunguza taabu zake tu? Masuali haya hayajibiki maabara. Hujibiwa na watu wanaokubali kupimwa, kufanya mazoezi kwa miezi, na kupimwa tena.

3. Kwa nini washiriki ni tabu kupatikana

Mwaka 2004 wataalamu waliokusanya tafiti bora za mazoezi kwa wagonjwa hao walipata tisa tu, zenye jumla ya washiriki 260. Maana yake ni kwamba kila utafiti, kwa wastani, ulikuwa na watu wasiofika 30. Kundi dogo kama hilo haliwezi kutoa jawabu la uhakika, kwani mabadiliko ya watu wawili au watatu hutosha kuyageuza matokeo. Utafiti ulioshindwa kupata watu wa kutosha huwa umepoteza fedha, na umewapotezea wakati wale wachache waliojitolea.

Sababu za ugumu huo ni hizi zifuatazo:

(a) Uchovu na safari. Mtu ambaye nguvu zake za siku nzima humalizika kwa kuvaa nguo na kupika, huombwa apande gari mara mbili au tatu kwa wiki kwenda kituoni. Anayekaa kisiwa kidogo huwa na safari ya bahari juu ya hiyo ya nchi kavu.

(b) Khofu. Aliyeambiwa na daktari wake wa kwanza kwamba mazoezi yatamdhuru hawezi kuigeuza imani hiyo kwa kusoma tangazo moja ukutani.

(c) Kazi na ulezi. Wagonjwa wengi bado wana ajira na watoto. Wengine hawajawaeleza wakuu wao wa kazi kwamba wanaumwa, na kushiriki utafiti mchana wa siku ya kazi ni sawa na kujitangaza.

(d) Kura. Anayejitokeza kwa tamaa ya mazoezi huweza kuangukia kundi lisilofanya mazoezi. Asipoelezwa mapema sababu ya kuwepo kundi hilo, huvunjika moyo na kuondoka.

(e) Kutoaminiana. Jambo hili litaelezwa zaidi hapa chini.

Athari ya sababu hizo si uchache wa watu tu. Wanaofanikiwa kufika ni wale wenye usafiri, wakaao karibu na mji na ambao maradhi hayajawalemea. Matokeo yanayopatikana huwa ni ya watu hao, kisha hutumiwa kumshauri mtu wa kitandani ambaye mfano wake haukuwemo. Vivyo hivyo kwa rangi na kabila. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba maradhi haya ni ya watu weupe, lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 huko kusini ya California ulionesha kwamba wanawake weusi walikuwa wakipata maradhi haya kwa kiwango kikubwa kuliko wanawake weupe. Watu wasiotafutwa hawaonekani, na wasioonekana hawatengenezewi tiba.

4. Wadau ni nani

Mdau katika utafiti ni kila mtu au chombo ambacho matokeo ya utafiti yatakigusa, au ambacho bila ya msaada wake utafiti hauwezi kwenda. Katika utafiti unaozungumzwa, wadau ni wagonjwa wenyewe, jamaa wanaowauguza, madaktari na wauguzi wa neva, wataalamu wa mazoezi ya viungo, vyama vya wagonjwa, wenye kumbi na vituo vya mazoezi, waajiri, wanaotoa fedha, na mamlaka za afya.

Mdau wa kwanza ni mgonjwa, naye aliyatangulia mashirika yote. Mwaka 1945 Sylvia Lawry wa New York, ambaye kaka yake Bernard alikuwa mgonjwa, aliweka tangazo dogo katika gazeti la The New York Times akimtafuta mtu yeyote aliyepata kupona maradhi haya. Zilimjia barua zaidi ya 50. Hakuna iliyoleta dawa: wengi wa walioandika walikuwa wagonjwa na jamaa waliokuwa wakitafuta kile kile alichokitafuta yeye. Kutokana na barua hizo aliunda mwaka 1946 chama ambacho leo ni chama cha taifa cha maradhi hayo nchini Marekani, na lengo lake la mwanzo lilikuwa kuendeleza utafiti. Huko Uingereza chama kama hicho kilianzishwa mwaka 1953. Shirikisho la kimataifa lilifuata mwaka 1967.

Vyama hivi ndivyo leo vinavyojua wagonjwa wanakaa wapi na wanataka kujua nini. Uingereza imekuwa na daftari la wagonjwa wa maradhi haya tangu mwaka 2011, ambamo wagonjwa hujiandikisha kwa hiari na kueleza hali zao. Mwaka 2013, nchini humo humo, wagonjwa, wauguzaji na madaktari walikaa pamoja wakapanga masuali kumi ambayo wao waliona yanastahili kutafitiwa kwanza. Kwa njia hiyo mtafiti huanza na suali ambalo watu wanalo, na kazi ya kuwashawishi washiriki huwa imepungua kabla haijaanza.

5. Kazi ya wadau katika hatua mbali mbali

Kabla ya utafiti. Wadau husaidia kupanga saa, mahali na urefu wa mazoezi. Mgonjwa ndiye anayejua kwamba ukumbi usio na choo cha karibu hautatumiwa, kwamba chumba chenye joto kitamtoa mtu siku ya kwanza, na kwamba miadi ya alasiri humkuta mgonjwa amekwisha kuchoka. Wadau pia huzisoma karatasi za maelezo kabla hazijatolewa, na kuyaondoa maneno ambayo mtaalamu anayaona mepesi na mwananchi hayaelewi.

Mfano wa mpango unaozingatia mambo hayo ni utafiti uliofanyika Sheffield, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2014, uliokuwa na washiriki 120. Katika wiki sita za mwanzo kundi la mazoezi lilifika kituoni mara mbili kwa wiki na kufanya mara moja nyumbani. Katika wiki sita zilizofuata lilifika mara moja na kufanya mara mbili nyumbani. Mtu alikabidhiwa mazoezi yake kidogo kidogo, na safari zikapungua.

Mfano wa pili ni utafiti wa Marekani ujulikanao kwa jina la STEP for MS, uliopangwa kuwa na washiriki 500 katika vituo vinane, ukilinganisha mazoezi ya kituoni na mazoezi ya nyumbani yanayosimamiwa kwa njia ya mawasiliano ya mbali, kwa muda wa wiki 16. Fedha zake zilitoka kwa taasisi ya PCORI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2010, ambayo huwataka watafiti wawashirikishe wagonjwa na wadau wengine katika kazi yenyewe. Suali la utafiti huo limetoka moja kwa moja katika shida ya watu: asiyeweza kukifikia kituo afanye nini?

Wakati wa kutafuta washiriki. Imebainika kwamba njia moja haitoshi. Barua ya daktari humfikia aliye katika orodha ya hospitali. Mkutano wa chama humfikia aliyeacha kwenda hospitali. Maneno ya mgonjwa mwenziwe aliyekwisha kushiriki humfikia yule mwenye khofu. Tangazo la gazeti au redio humfikia asiyejulikana na yeyote. Kila mlango hufunguliwa na mdau wake, na mtafiti anayetegemea mlango mmoja hupata watu wa namna moja.

Wakati wa mazoezi yenyewe. Kumpata mshiriki si mwisho wa kazi, kwani anaweza kuondoka katika wiki ya tatu. Nauli irudishwe kwa wakati, mwenye ulezi apewe saa inayomfaa, na aliyekosa siku moja apigiwe simu kwa wema na si kwa lawama. Kwa kundi lisilofanya mazoezi, baadhi ya tafiti huwapa nafasi hiyo baada ya vipimo vya mwisho kumalizika, na jambo hilo huelezwa tangu mwanzo.

Baada ya utafiti. Wadau wana haki ya kuletewa matokeo, yawe mazuri au mabaya, kwa lugha wanayoifahamu. Utafiti unaochukua damu, wakati na siri za watu kisha ukanyamaza, huufunga mlango kwa utafiti unaofuata.

6. Mipaka ya ushirikishaji

Ushirikishaji wa wadau unaweza kutumiwa vibaya, na historia ina ushahidi. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972 idara ya afya ya Serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600 katika eneo la Tuskegee, jimbo la Alabama, wengi wao wakiwa na kaswende, bila ya kuwaeleza ukweli wala kuwapa tiba. Waliendelea kunyimwa penisilini hata baada ya kuthibitika kwamba inaponya. Watu hao hawakukamatwa kwa nguvu. Walipewa usafiri, chakula na ahadi ya gharama za maziko, na kiungo chao na watafiti alikuwa muuguzi mwenyeji waliyemwamini. Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa mwaka 1997. Alabama hiyo hiyo leo ni moja ya sehemu zinazofanya utafiti wa mazoezi kwa wagonjwa wa maltipo sklerosisi, na mtafiti anayebisha hodi kwa mtu mweusi huko hubisha pamoja na kumbukumbu hiyo.

Fundisho ni kwamba kuaminiwa na watu ni amana. Mtu anayeaminiwa akitumiwa kuficha ukweli, madhara yake huwa makubwa kuliko ya mgeni asiyejulikana.

Azimio la Helsinki, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa, ndilo msingi wa maadili ya utafiti kwa binadamu. Katika marekebisho ya mwaka 2024 watu wanaofanyiwa utafiti wanaitwa washiriki, na watafiti wanatakiwa kuwashirikisha wao na jamii zao kwa dhati, kabla ya utafiti, wakati wake na baada yake.

Kwa hivyo mdau hueleza, huitisha na hujibu masuali. Hamwamuru mtu. Daktari asimfanye mgonjwa aamini kwamba akikataa atapunguziwa tiba. Mwajiri asiulize nani amekubali. Kiongozi wa mtaa asiwasilishe orodha ya majina kwa mtafiti bila ya wenye majina kujua. Nauli na chai ni haki ya aliyetaabika, lakini fedha nyingi kwa mtu mwenye dhiki huwa ni shinikizo kwa sura nyengine.

7. Yanayohusu visiwa hivi

Wagonjwa wa maltipo sklerosisi wanaojulikana hapa ni wachache, lakini mafunzo ya utafiti huo yanahusu kila utafiti unaofika katika shehia, uwe wa malaria, kisukari, shindikizo la damu au lishe ya watoto. Bahari, nauli, joto, ulezi na khofu ni mambo yale yale.

Zanzibar utafiti wa afya unaohusisha binadamu hupitiwa na kamati ya maadili iliyo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar (ZAHRI). Kibali cha kamati kinamruhusu mtafiti kuomba. Hakimlazimishi mwananchi kukubali. Mambo hayo mawili huchanganywa mara nyingi, na yafaa yatenganishwe wazi wazi.

Mtumishi anayeombwa kusaidia kutafuta washiriki anashauriwa kuyahakikisha haya:

(i) Kibali cha maadili kimeoneshwa, na muda wake haujapita.

(ii) Yeye mwenyewe ameuelewa utafiti kiasi cha kuweza kuueleza bila ya kusoma karatasi.

(iii) Wasioweza kufika, wakiwemo wenye ulemavu, wazee na wakaazi wa visiwa vidogo, wamepangiwa njia ya kufikiwa.

(iv) Imeelezwa lini na vipi matokeo yataletwa kwa watu.

Mwananchi naye ana haki ya kuuliza utafiti unatafuta nini, utamchukulia muda gani, una madhara gani, nani ataziona habari zake, na itakuwaje akitaka kuondoka. Ana haki ya kuichukua karatasi nyumbani akashauriana na jamaa zake kabla ya kutia saini. Ana haki ya kukataa bila ya kutoa sababu, na ya kujitoa hata baada ya kuanza, bila ya huduma yake ya matibabu kuguswa.

Ikumbukwe pia kwamba kukubali kuna thamani yake. Ushauri wa kumkalisha mgonjwa kitini ulidumu kwa miongo mingi, na haukuondoshwa na hoja za wataalamu peke yao. Waliouondosha ni pamoja na wale watu 54 wa Utah waliokubali kupanda baiskeli ya mazoezi wakati ambapo wengi walikuwa bado wakiambiwa wapumzike. Mgonjwa anayeruhusiwa leo kutembea, kuogelea na kuinua uzito ananufaika kwa ridhaa ya watu hao ambao hakuwaona. Ridhaa ya namna hiyo haipatikani kwa amri. Hupatikana pale ambapo aliyeombwa ameelezwa, ameelewa, na ameachiwa nafasi ya kusema ndiyo au hapana.